Shombo Asiyoisikia Mwenyewe

Nyumba yangu na nyumba ya Biubwa zinatumia ukuta mmoja. Ni ukuta wa zamani, wa mawe na chokaa, mnene kweli, lakini juu karibu na boriti una ufa unaoweza kupitisha vidole viwili. Sauti hupita hapo, na harufu pia. Kwa miaka kumi na tisa nilijua siku anayokaanga viazi na siku anayopika mchuzi wa papa, naye alijua ugomvi wangu wote na marehemu mume wangu. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuisikia ile harufu. Nikanyamaza, na wengine walionifuata wakanyamaza vilevile.

Biubwa ni mwosha maiti. Upande wetu huu wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, akifariki mwanamke huitwa Bi Somoe, na Bi Somoe huja na Biubwa. Bi Somoe ni dada wa mama yake. Alimfundisha kazi hiyo tangu Biubwa ana miaka ishirini na mitatu, pale alipofiwa na mama yake na kung'ang'ania kumwosha kwa mikono yake mwenyewe. Ana mkono mwepesi, na ana tabia ya kuzungumza na maiti wakati anafanya kazi, kwa sauti ya chini, kama anayemhudumia mgonjwa. Nageuza bega lako, mama. Sasa nainua mguu. Wengine hawapendi kumsikia, lakini wafiwa wengi humtaka yeye hasa kwa sababu hiyo. Mikono yake ilikuwa ikinukia kafuri mpaka siku ya pili yake. Mumewe Mwinshehe, fundi seremala anayechonga milango, alikuwa akitutania kwamba hana haja ya kununua manukato.

Mwaka juzi, mwezi wa nne, wakati wa bamvua, maji ya bahari yanapojaa sana, alikufa maji Hafidha wa Mlingotini. Alikuwa mkulima wa mwani, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, ameingia kufunga kamba zake kama siku zote, maji yakajaa upesi kuliko alivyodhani. Walimtafuta siku tatu. Alipatikana kwenye mikoko. Mwosha wa kule alishindwa, ndipo wakaja kumchukua Bi Somoe na Biubwa.

Shehe aliwaambia wammiminie maji tu, wasimsugue, kwa hali aliyokuwa nayo. Wakafanya hivyo. Zikabaki nywele. Zilikuwa ndefu na zimesukwa na mwani mpaka usingeweza kusema kipi ni kipi. Bi Somoe alisema waziache, sanda itasitiri. Biubwa akakataa. Alikaa chini akazitenganisha uzi kwa uzi, akitoa mwani na kuuweka kwenye beseni, mpaka adhana ya adhuhuri ikatoka. Aliniambia baadaye kwamba muda wote alikuwa akimwambia Hafidha avumilie, umebaki upande mmoja tu.

Alirudi nyumbani, akaoga mara tatu, akalala. Siku ile hakukuwa na kitu.

Kama wiki mbili baadaye nilikuwa nachambua mchele asubuhi, ikaja shombo. Haikuwa harufu ya samaki anayepikwa. Ilikuwa ya samaki aliyesahauliwa juani. Nikatazama chini ya vitanda vyangu, nikapekua jikoni, nikampandisha fundi darini kutafuta panya aliyekufa. Hapakuwa na kitu. Siku ya pili haikuwepo, ya tatu ikarudi na nguvu zaidi. Ilichukua siku kadhaa kabla sijagundua kwamba inatembea. Biubwa akienda sokoni, ufa ulikuwa mkavu kabisa. Akirudi, kabla hata hajagusa komeo la mlango, nilikuwa najua amefika.

Nikafukiza udi upande wangu. Hilo ndilo nililolifanya.

Mambo yalitoka nje siku ya msiba wa bibi mmoja mtaa wa pili, mtu mzima aliyefariki alfajiri kwa presha. Saa tatu asubuhi alikuwa kitandani anaoshwa, mwili bado haujakakamaa vizuri. Mimi nilikuwa mlangoni nashika pazia. Chumba kidogo, madirisha yamefungwa, na ile harufu ikajaa humo. Binti wa marehemu alimwita Bi Somoe pembeni akamwuliza kwa kunong'ona imekuwaje mama yake ameharibika, naye alikuwa akizungumza naye jana usiku. Bi Somoe alimtazama yule bibi juu ya kitanda, asiye na dosari, msafi, kisha akamtazama Biubwa aliyekuwa amepiga magoti anaponda kafuri. Nikamwona pua zikimcheza. Wanawake watatu waliokuwa mle ndani wakatazama alikotazama yeye. Biubwa akainua uso akatabasamu, akauliza kama sanda iko tayari.

Yeye alikuwa akisikia kafuri tu.

Walipomaliza, Bi Somoe alimshika mkono akamwambia apumzike wiki hiyo. Biubwa akauliza amekosea nini. Bi Somoe akasema hakukosea kitu, apumzike tu. Kufikia alasiri, ukumbini palikuwa na jina moja linalozunguka kwa sauti za chini, na halikuwa la marehemu wa siku ile. Lilikuwa la Hafidha. Kwamba yule wa Mlingotini amerudi mjini, na amerudi ndani ya aliyemgusa nywele.

Hakuna aliyemwambia Biubwa. Alijua kwa kuwatazama watu. Aliona mwenye duka akirudi hatua moja nyuma. Aliona mumewe akihamishia mto wake upande wa dirisha. Alinusa nguo zake, makwapa yake, pumzi yake kwenye kiganja, hakupata kitu. Akaanza kuoga mara nne kwa siku, mpaka ngozi ikachubuka. Jioni moja alikuja mlangoni kwangu, akasimama mbali kidogo, akaniuliza, "Dija, ninanuka?"

"Hapana, dada," nikamwambia.

Akanitazama sana. Kisha akashukuru akaondoka.

Halafu wakaja paka.

Mji wetu una paka wengi, na kila mtu anajua kazi yao iko kule soko la samaki. Wa kwanza alikaa kwenye baraza ya Biubwa, mweupe mwenye sikio lililokatika. Kesho yake walikuwa watatu. Mwisho wa mwezi nilihesabu kumi na mmoja, mchana kweupe, wengine barazani, wengine juu ya ukuta wa mkabala, wote wameelekea mlango mmoja. Hawakulia. Hawakugombana. Walikaa kama watu waliofika mapema wakaambiwa wasubiri. Biubwa akitoka kuanika nguo, vichwa vyote viligeuka pamoja. Akiingia, viligeuka tena. Akisali, walipanda dirishani wakamtazama akirukuu na kusujudu. Watu wakaacha kupita kichochoro chetu.

Mwinshehe alivumilia, kisha akaenda Fukayosi akamleta mganga aitwaye Shuaibu, mtu mpole mwenye sauti ndogo. Shuaibu alikaa karibu na mlango, akafunga macho muda mrefu. Akasema maiti wa maji alikuwa na nywele za bahari, na mama huyu amemnyang'anya, basi sasa anamdai mwili. Dawa yake ni kumlisha mpaka ashibe ndipo aondoke. Mayai matatu ya kuku wa kienyeji kila asubuhi, mabichi, na asali, siku ishirini na moja. Na maji ya majani ya kuogea.

Biubwa alikuwa tayari anakula vizuri, na hapa nieleze jambo ambalo wakati ule hakuna aliyelitia maanani. Mwaka ule siku zake za mwezi zilikuwa zimeharibika, zikimtoka damu nyingi, na muda mfupi kabla ya mambo ya Mlingotini alikuwa amezidiwa na kizunguzungu. Zahanati wakampima, damu pungufu. Wakampa vidonge na kumwambia ale maini, mayai, maharage na samaki kwa wingi. Yeye ni mtu wa kufuata maelekezo. Alikuwa akila maini karibu kila siku. Sasa yakaongezeka mayai matatu.

Siku ya kumi ya dawa, shombo ilikuwa imepita ufa na sasa ilikuwa inapita ukutani. Ndivyo nilivyoona mimi. Nilikuwa naisikia kwenye unga, kwenye kanga zangu zilizomo sandukuni. Shuaibu alipopelekewa habari alisema hiyo ndiyo dalili, aliyemo ndani anajiandaa kutoka, waongeze yawe matano. Yakawa matano. Mwinshehe akahamia karakana, akalala kwenye mbao zake, akawa anamletea mkewe mahitaji na kuyaweka kizingitini.

Basi Biubwa akabaki ndani peke yake, na hapo ndipo nilipoanza kumsikia akizungumza.

Ilikuwa saa saba mchana, joto kali, mtaa umelala. Nilikuwa nimejinyoosha mkekani. Sauti yake ikaja kutoka juu, kwenye ufa, ile sauti yake ya kuoshea maiti. "Leo nimekula yote," alisema. "Umeshiba?" Kimya. Kilikuwa kimya cha mtu anayesikiliza. Kisha akasema, "Basi lala kidogo, nami nilale," na akacheka taratibu, kicheko cha mtu aliyejibiwa vizuri. Nje paka mmoja akalia mara moja tu, kwa mara ya kwanza tangu waje.

Nikachukua matambara nikaziba ufa.

Katika siku hizo hizo nilimwona pia mwanamke mmoja nisiyemjua. Alikuja Jumapili tatu mfululizo, amevaa baibui jeusi la zamani, ushungi umefunika nusu ya uso. Alisimama mkabala na mlango wa Biubwa, katikati ya wale paka, nao hawakumkimbia. Wachache waliobaki kupita pale walifunika pua. Yeye alishusha ushungi. Nilimwona kifua kikipanda na kushuka, anavuta pumzi polepole, macho yamefumba, anavuta tena. Kisha akaondoka bila kubisha hodi. Sikumwambia mtu. Niliogopa nikimtaja nitaulizwa kama alikuwa na kivuli, kwani mzimu hauna.

Mwezi wa saba Biubwa akaanguka homa kali, malaria. Mwinshehe alinijia analia, akaniomba niingie, kwani Bi Somoe alikuwa hawezi tena kupanda ngazi za baraza yao. Nikaingia nimefunga kitambaa puani. Alikuwa amekonda, amejikunja kitandani. Kitu pekee kilichopita kooni kwake ni uji wa mchele na chai ya rangi. Nikampa huo, asubuhi na jioni, pamoja na dawa zake. Siku ya nne nilikuwa nimekaa pembeni mwake nampepea, nikatahamaki kitambaa kimo mapajani mwangu na sikumbuki nilikivua saa ngapi. Nikavuta pumzi. Nilisikia jasho la mgonjwa, na chokaa mbichi, na basi. Nilipotoka nje, barazani palikuwa na paka wawili. Siku ya tano hapakuwa na hata mmoja.

Mtaani wakasema homa imemuunguza aliyekuwemo. Mwinshehe alirudi nyumbani na godoro lake. Biubwa alipopata nguvu, mumewe kwa furaha akamletea maini, maharage ya nazi, na yale mayai yaliyobaki ya Shuaibu ili amalizie dozi. Siku mbili baadaye, alfajiri, nilifungua dirisha langu. Yule mweupe wa sikio lililokatika alikuwa amekaa mlangoni pake, amejikusanya, anangoja.

Siku ile nilipiga simu Ubena kwa Wahida, binti yao pekee, aliyeolewa kule. Wazazi wake walikuwa wamemficha. Nikamwambia yote, hata uongo wangu wa mlangoni. Alifika kesho yake mchana. Aliingia moja kwa moja kwa mama yake, akamwamkia, akambusu mkono, akakaa naye kitanda kimoja bila kujifunika. Kisha akasema, "Mama, unatoa harufu ya samaki. Watu wote wanaisikia na mimi naisikia. Kesho tunakwenda hospitali."

Mimi nilikuwa mlangoni. Biubwa hakulia wala hakukasirika. Aliuliza tu, "Ni kali?" Wahida akamwambia ni kali. Biubwa akaitikia kwa kichwa, akasema afadhali ameambiwa.

Hospitali haikuwa safari moja. Daktari wa kwanza aliyewapokea alidhani ni makwapa. Aliwaeleza kwamba jasho lenyewe halina harufu, ila juu ya ngozi ya kila mtu wanaishi bakteria, hasa kwapani na kinena, nao wakilila jasho ndipo harufu inapotoka. Akampa sabuni ya dawa ya kupunguza vijidudu, akamwandikia dawa ya kupaka ya kuzuia jasho, akamwambia anyoe, abadilishe nguo kila siku, azifue kwa maji ya moto na kuzianika juani maana bakteria hubaki kwenye kitambaa. Yote yakafanywa, wiki tatu. Ni matibabu mazuri, hata mpwa wangu mmoja yalimsaidia sana. Kwa Biubwa hayakubadilisha kitu. Wakamtazama meno na koo, kwa sababu fizi mbovu hunuka. Meno mazima. Wakampima uchafu wa ukeni, kwa sababu huko nako bakteria wakipoteza uwiano huleta harufu ya samaki, na dawa yake ipo. Hakuwa nao.

Ndipo akapelekwa kwa daktari mmoja mwanamke, Daktari Arafa. Huyo aliuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza. Harufu iko kwenye pumzi? Kwenye mkojo? Kwenye jasho la kichwani? Wahida akajibu iko kote, haina mahali. Ilizidi siku gani? Wahida akamwambia habari ya mayai. Ilipungua siku gani? Wahida akamwambia habari ya homa, na kwamba jirani yao aliona harufu imekatika siku ya nne.

Daktari akaweka kalamu chini. "Siku hizo alikuwa anakula nini?"

"Uji wa mchele na chai."

Daktari akamgeukia Biubwa akamweleza taratibu. Kwamba utumboni mwa kila binadamu wamo bakteria wengi mno, na wengi ni wema. Wakipata vyakula fulani, kama maini, mayai, maharage na samaki wa baharini, huvichambua na kutoa kitu chenye shombo. Kwa watu wengi ini hukikamata kile kitu na kukiua harufu kabla hakijafika popote. Kwa wachache ini halina nguvu hiyo, basi kinaingia kwenye damu na kutoka na jasho, na pumzi, na mkojo. Wengine huzaliwa na udhaifu huo kidogo tu, wasijue, mpaka umri wa siku za mwezi kuharibika uje uuamshe, au chakula kizidi. Na mwenyewe mara nyingi haisikii, kwa kuwa pua yake imekwishaizoea.

Biubwa akauliza, "Kwa hiyo Hafidha hayumo?"

"Hafidha ni nani?"

Wahida akainamisha kichwa. Daktari akasema, "Tumboni mwako mna bakteria, mama. Hata kwangu wamo."

Kipimo chenyewe hakikuwepo pale, ingebidi mkojo upelekwe nje ya nchi. Daktari akasema wajaribu matibabu kwanza, mwili wenyewe utatoa jibu. Akampa dawa ya kupunguza bakteria wa utumbo kwa siku chache, ileile watu wanayopewa kwa amiba, akamwonya asiizoee wala asijinunulie, kwani bakteria hujifunza kuishinda. Akampa vidonge vya mkaa vya kumeza, visikaribiane na dawa zake nyingine, na vitamini ya kulisaidia ini. Aogee sabuni yenye uchachu kidogo, maana hiyo huizuia ile shombo isipeperuke kutoka kwenye ngozi. Maini na mayai aache, maharage apunguze, samaki wa bahari aache, ingawa sato wa ziwani si mbaya sana. Nyama na kuku ale kwa kiasi, na vidonge vya damu aendelee navyo huku akitibiwa ile damu nyingi. Akasema hakuna dawa ya kuumaliza ugonjwa huu, ila ipo njia ya kuishi nao.

Mwanamke wa pwani kuambiwa aache samaki wa bahari, nilidhani atakataa. Alifuata yote, kama alivyomfuata Shuaibu. Wiki ya pili nilitoa matambara kwenye ufa nikanusa. Ilikuwa chokaa. Paka waliondoka mmoja mmoja, wa mwisho akiwa yule mweupe, aliyekaa siku tatu zaidi peke yake kisha naye akashika njia ya sokoni.

Nilidhani Biubwa atafurahi. Nilimkuta amekaa jikoni, mikono mapajani. Aliniambia nyumba imekuwa kubwa. Aliniambia anajua alichosema daktari na anakiamini, lakini kwa miezi mitatu hakuna binadamu aliyekuwa akikaa naye ila yule mmoja, na sasa ameambiwa hakuwepo. Nikavuta kigoda karibu yake. Nilikaa. Ndilo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo.

Baadaye akaniomba nimsindikize Mlingotini. Alikuwa amesikia kwamba jina la Hafidha linatajwa vibaya, kwamba hakutulia kaburini, na aliona deni hilo ni lake. Tulimkuta mama yake Hafidha anaanika mwani kwenye vichanja. Alipogeuka, nikamtambua. Ni yule wa baibui jeusi.

Tukakaribishwa. Biubwa alimwamkia, akamweleza yote moja kwa moja: ini, bakteria, mayai, homa. Akamwambia mwanawe hakumfuata mtu, amelala salama, na watu waliosema vingine wamekosea, na kwamba yeye atalisema hilo katika kila msiba atakaoitwa.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Akapangusa mikono. "Nilikuja kwako mara tatu," alisema. "Waliniambia yumo. Siku walipomtoa kwenye mikoko hawakuniacha nimkaribie, kwa jinsi alivyokuwa. Nikasema, kama hiyo ndiyo harufu yake, nami ni mama yake, nitaivuta." Akamtazama Biubwa. "Kwa hiyo ilikuwa yako wewe."

"Ilikuwa yangu, mama."

"Nywele zake ulizitoa mwani?"

"Wote. Sikubakisha hata mmoja."

Yule mama akaomba aoneshwe. Biubwa hakuelewa, kisha akaelewa. Akasogea nyuma yake, akamfungua ushungi, akazishika nywele zake za mvi, akaanza kuzitenganisha polepole uzi kwa uzi, kama alivyofanya siku ile. Jua lilikuwa kali na mwani ulikuwa unanuka bahari pande zote. Mimi niligeuka nikatazama maji.

Ilipita miezi mitano kabla hajaitwa tena kuosha. Sasa anaitwa. Zipo siku shombo inarudi, hasa karibu na siku zake au akipata mshtuko, na amejifunza kuniuliza kupitia ufa asubuhi. Nikisema ipo, anamjulisha Bi Somoe aende na mwingine. Sijamdanganya tena.

Mwaka huu Daktari Arafa alimwomba aje kuzungumza na mgonjwa mwingine, mwalimu wa shule wa miaka ishirini na nne aitwaye Zuleha, kutoka upande wa Pangani, aliyeacha kazi na alikuwa hajatoka chumbani tangu mfungo uishe. Biubwa alikwenda amejiandaa na maneno. Aliniambia mlango ulipofunguliwa, kabla hajamwona msichana mwenyewe, kitu kilimpiga usoni. Aliitafuta ile harufu mwilini mwake na kuikosa, na sasa ilikuwa mbele yake, nzito, ya samaki aliyesahauliwa juani. Alijua papo hapo ndiyo hiyo. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka puani, na Zuleha akauona.

Wakatazamana. Biubwa akaushusha mkono.

"Nisamehe," akamwambia. "Naisikia, ndiyo. Nisogezee kiti hicho."

Zuleha hakusogeza kiti. Alibaki amesimama, mgongo ukutani, akimtazama mtu mzima huyu ambaye hakurudi nyuma wala hakukaribia. Mwisho akauliza, kwa sauti ambayo ni kama hakuitumia siku nyingi, hiyo harufu yake inafananaje.

Biubwa akaanza kumweleza.